KESI YA KUKU TUNAUZA NG'OMBE, KESI YA BINTI TUNACHINJA NG'OMBE

Ndugu msomaji, utani wa Wapare unaujua: Mpare yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Tunachekwa nao tangu shuleni, na sisi wenyewe tunacheka, maana ukweli umo. Haki yetu hatuiachi kirahisi. Mwaka 1945 babu zetu walishuka milimani kwa maelfu wakajaa Same kuikataa kodi ya mbiru, na mkoloni akakosa usingizi.

Sasa niambie, huyo Mpare wa kesi ya kuku huwa yuko wapi binti wa miaka kumi na mbili anapomnong'oneza bibi yake kwamba baba mdogo amemwingilia? Mara ngapi kesi ya namna hiyo inaishia palepale kijijini! Kinaitwa kikao cha ukoo, ng'ombe anachinjwa, wazee wanakula nyama, mtoto anaambiwa afunge mdomo asije akauvunja ukoo. Si Upareni peke yake, lakini mimi naandika kuhusu kwetu.

Tuseme basi mwalimu amegundua na kesi imefika mahakama ya wilaya. Miezi mitatu imepita. PF3 imejazwa, daktari haoni jeraha, na ataliona wapi baada ya miezi mitatu? Mtoto anasimama, wakili wa baba mdogo anamkazia macho: "Kwa nini hukusema siku ileile?"

Swali hilo halikuokotwa barabarani. Katika kesi iliyomo kwenye ripoti za sheria za mwaka 2002, Mahakama ya Rufani ilisema shahidi anayemtaja mtuhumiwa mapema anaaminika zaidi, na anayechelewa bila maelezo anapaswa kutiliwa shaka. Sawa kabisa! Lakini ile ilikuwa kesi ya mauaji. Jambazi akikuvamia usiku, asubuhi ameshakwenda zake, unamtaja. Baba mdogo asubuhi yupo palepale, anakunywa chai, na ada ya shule anatoa yeye. Unamtaja kwa nani?

Uhuni wenyewe ndio huu: ukoo unamziba mtoto mdomo miezi mitatu, halafu ile miezi mitatu inapelekwa kortini kuwa ushahidi kwamba mtoto ni mwongo. Aliyechelewesha ni mzee aliyekula nyama, anayebanwa ni mtoto. Mzee haitwi hata kuulizwa!

Msinielewe vibaya, sheria ipo. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 iliruhusu mtu kutiwa hatiani kwa neno la mtoto peke yake, mradi mahakama iandike sababu za kuridhika kwamba anasema kweli. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufani ikasema ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa aliyebakwa. Imekubali pia kwamba mtoto wa kwetu hawezi kutaja viungo kwa majina yake. Akisema "alinifanyia tabia mbaya" na maelezo mengine yakaeleweka, inatosha. Na kuchelewa kukielezwa, kwa mfano mtoto alitishiwa, mahakama inaweza kumwamini. Tatizo ni nani atakayeeleza. Mama? Sheria inaruhusu kumlazimisha mke atoe ushahidi dhidi ya mumewe katika makosa haya. Lakini mama aliyelazimishwa, akijua jioni anarudi kwenye shamba la tangawizi la ukoo uleule, atasema nini zaidi ya "sikumbuki"?

Serikali nayo isijifiche. Tangu mwaka 2016 mtoto asiyejua kiapo anatakiwa tu kuahidi kusema kweli na kutosema uongo. Sentensi moja! Mwaka 2019, Mahakama ya Rufani ikiwa Bukoba, ushahidi wa mtoto ulitupwa kwa kuwa ahadi hiyo haikuwekwa kwenye kumbukumbu, na mfungwa akaachiwa. Kosa la kalamu ya hakimu, mzigo kwa mtoto. Baadaye mahakama hiyo ililegeza kamba, lakini aliyekwishatoka ametoka.

Najua kijiweni mtasema: je, akisingiziwa? Ugomvi wa shamba upo, chuki zipo, na kifungo ni miaka 30. Hofu hiyo si ya kijinga. Mahakama ya Rufani yenyewe mwaka 2019 ilisema neno la mlalamikaji si Injili, lazima lipimwe. Lipimwe! Ila mizani iwekwe sawa. Hakimu akiuliza kwa nini mtoto alichelewa, aulize pia kikao kilikaa lini, nani aliitisha, ng'ombe alitoka zizi la nani. Asiye na hatia hana haja ya kuchinja.

Na wewe uliye Kariakoo au Manzese, usidhani haya hayakuhusu. Hela ya kikao mara nyingi inatoka kwako. Simu ikija kutoka Mamba au Vudee kuomba mchango, uliza ni kikao cha nini. Ukijibiwa "ni mambo ya ndani tu, mwanangu", usitume hela ya ng'ombe. Tuma nauli, mtoto na bibi yake washuke Same leo hii, polisi wapewe PF3 na kwenda hospitali, kabla mtu hajamwogesha.