Harambee moja haitalisha huduma mwaka mzima

Ukishuka matatu Kanduyi, kando ya barabara kuu itokayo Webuye kwenda Malaba, hukawii kuwaona wanafunzi. Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichopewa hati yake mwaka 2015, hakiko mbali. Palipo na wanafunzi hapakosi chama chao cha Kikristo, na palipo na chama hapakosi kadi ya mchango.

Huenda kadi hiyo imekwisha kukufikia nyumbani. Usiidharau. Mhubiri anayealikwa anahitaji nauli, vyombo vya sauti hukodiwa, na vijana wanaokwenda misheni wakati wa likizo lazima wale. Kwa upande wao, wanafunzi hawana mshahara. Wengi wanahangaikia karo na kodi ya chumba.

Kwa hiyo hukimbilia harambee, wito ambao Mzee Jomo Kenyatta aliufanya kuwa wa taifa zima. Si vibaya. Lakini harambee ni moto wa mabua: huwaka kwa kishindo, halafu majivu. Ahadi hutolewa kwa vigelegele, na nyingine hazilipwi kamwe. Aidha, atoaye kikubwa peke yake huenda akataka kushika usukani. Ndiyo maana Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alikataa fedha za wanasiasa zilizotolewa katika kanisa moja la Kikatoliki jijini humo.

Je, fedha za kudumu zitoke wapi? Jibu lipo langoni mwa chuo. Kila mwaka chama huwaaga wanachama wake waliohitimu, watu ambao karibuni wataanza kupata riziki, kisha huwasahau. Huko ni kufuga ng'ombe hadi azae, halafu kumfungulia zizi aende zake.

Hesabu ni nyepesi. Wahitimu 60, kila mmoja akitoa shilingi 200 kwa mwezi, watachanga shilingi 12,000. Kwa mwaka ni shilingi 144,000. Tangu M-Pesa ianzishwe mwaka 2007, aliye Kitale au Mombasa hana haja ya kusafiri ili atoe. FOCUS, muungano wa vyama hivi nchini ulioanza mwaka 1973, umetegemea kwa miaka mingi marafiki na wahitimu wa aina hiyo.

Mtindo huu si mgeni. Mtume Paulo aliwaagiza Wakorintho waweke akiba kidogo kidogo kila siku ya kwanza ya juma, kila mtu kwa kadiri ya pato lake. Tena hakubeba mchango huo peke yake. Alitaka wengine waandamane nao, asije akalaumiwa.

Hapo ndipo penye kiini, msomaji. Anayetoa shilingi 200 hulipwa kwa habari. Mwanafunzi, andika majina na nambari za wahitimu wenu kabla hawajaondoka. Watu wawili watie sahihi fedha zinapotolewa. Kila muhula wapelekee wafadhili hesabu, hata kama ni ukurasa mmoja.

Nawe mzazi, mwanao akikuletea kadi, muulize nani anatunza daftari. Akikujibu sawasawa, toa. Mwezi ujao, toa tena.