Hesabu ya Baba Ndiyo Inayomkimbiza Kijana

Na Kulwa Maganga

Mzazi wa Tabora akisema kijana wake ameanza kuendesha, mara nyingi hazungumzii gari. Anazungumzia pikipiki iliyonunuliwa kwa fedha za tumbaku au mkopo wa kikundi, akakabidhiwa mtoto aliyemaliza kidato cha nne ili ajishughulishe. Siku ya kukabidhiwa ufunguo husomewa masharti: usikimbize, usinywe, usibebe mishikaki ya abiria. Mwishoni huongezewa sharti la hesabu, yaani fedha ya kumletea baba kila jioni, na hilo ndilo pekee lenye kiasi, saa na adhabu. Nasema hili la mwisho huyafuta yote yaliyotangulia. Kijana ambaye jua limezama na fedha ya baba haijatimia atakimbiza, au atapakia abiria wawili, au atakesha stendi akivizia mabasi ya usiku. Tunamwita mkaidi, ilhali anatii amri moja ya mzazi kwa kuvunja nyingine.

Wanaochunguza ajali wanakubaliana kwamba miezi ya kwanza ya udereva ndiyo ya hatari zaidi, na kwamba giza na abiria huiongeza. Shirika la Afya Duniani linataja ajali za barabarani kuwa chanzo kikuu cha vifo vya watu wa miaka 5 hadi 29. New Zealand ilianzisha mwaka 1987 leseni ya hatua kwa hatua: anayeanza huendesha kwanza chini ya uangalizi, kisha peke yake lakini si usiku wa manane wala na abiria, na mwisho ndipo huachiwa huru. Nchi nyingine zikafuata. Huku kwetu mtu anaweza kudhani huo ni utaratibu wa kizungu. Lakini mpelelezi Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kaze, yaani Tabora hii, mwaka 1857, aliandika kwamba watoto wa Kinyamwezi walianza kubeba kipembe kidogo cha ndovu begani wakiwa na miaka sita au saba. Upagazi ulikuwa kipimo cha uanaume, na bado hakuna aliyetwishwa pembe nzima siku ya kwanza akaambiwa aifikishe Bagamoyo. (Biashara ile ya pembe ilikuwa na ukatili wake, na sitaki kuipamba, nazungumzia jinsi mzigo ulivyoongezwa.) Leo kijana aliyejifunza gia wiki iliyopita hupewa abiria, usiku na deni kwa mpigo mmoja.

Nitajibiwa kwamba nyumba ina njaa na pikipiki inadaiwa. Ni kweli, na ndiyo maana sisemi hesabu ifutwe. Lakini mfupa uliovunjika hutibiwa kwa fedha hiyo hiyo, na pikipiki iliyolazwa kituo cha polisi hailipi mkopo. Wengine watasema kijana wa miaka 18 ni mtu mzima, hapangiwi. Mbona hesabu anapangiwa? Pingamizi zito zaidi ni kwamba mzazi hamwoni akishavuka Isevya. Hata trafiki hawezi kusimama kila njia ya Ipuli saa nne usiku, lakini mwenye chombo anajua kimerudi saa ngapi, na vijana wenzake wa kijiweni wanajua alipakia wangapi.

Basi miezi mitatu ya kwanza hesabu iwe ndogo na ihesabiwe hadi magharibi tu. Kitakachopatikana baada ya hapo mzazi asikipokee kabisa, hata kikiwa kingi. Siku ya mvua isidaiwe. Kofia ngumu ziwe mbili, yake na ya abiria, na zinunuliwe pamoja na pikipiki, kwa sababu uchambuzi wa tafiti nyingi umeonyesha kwamba kofia hupunguza majeraha ya kichwa kwa asilimia 69 na vifo kwa asilimia 42. Kwa kijana aliyechukua pikipiki ya mtu mwingine kwa mkataba kazi ni ngumu zaidi, maana tajiri hana sababu ya kungoja. Hapo mzazi aende kwenye maandishiano, aulize hesabu ya siku ya mvua ni kiasi gani, na jibu likiwa ni ile ile, asikubali mwanawe atie saini.