Uzee Nao Una Msimu Wake



Katika kurasa hizi tumezoea kusema khabari za miche, za palizi, za uanikaji na za bei. Leo twaomba ruhusa tuseme jambo lisilopimwa kwa mizani. Twataka kusema juu ya wazee wetu, yaani wengi wetu sisi wenyewe, na juu ya raha ndogo ndogo za nyumbani ambazo twaziacha zitupite hali tunazo mkononi.

Kila mkulima wa karafuu ajua kwamba zao hili lina wakati wake. Karafuu ni ua ambalo halijafunguka. Ikianza kugeuka rangi na kuwa nyekundu, ndipo ichumwapo. Ukichelewa, ua likachanua, utakachoanika hakitakuwa na kichwa wala thamani. Hapana mtu anayeweza kuiambia karafuu, "Ningoje kwanza, nina shughuli." Basi twastaajabu kwamba sisi tunaoyajua hayo kwa mikarafuu, hatuyajui kwa wajukuu.

Tutoe mfano wetu wenyewe, asije mtu akadhani twamsema yeye. Msimu mmoja mikarafuu ilizaa mpaka matawi yakainama. Wakati huo alikuwa akikaa nasi mjukuu wetu wa miaka 6. Kila siku baada ya Alasiri alitujia akasema, "Babu, twende pwani tukatazame ngalawa zikirudi." Jibu letu lilikuwa moja: "Ngoja karafuu zishe." Tulikuwa na wachumaji wa kulipa, pishi za kuhesabu na mapolo ya kushona. Ukweli ni kwamba mtoto wetu mkubwa aliweza kuyafanya yote hayo, na pengine kwa hesabu nzuri kuliko yetu, maana macho yake yangali mazima. Lakini hatukumwachia.

Karafuu zilikwisha. Kabla hatujafikisha polo la mwisho kituoni, wazee wa yule mtoto walihamia Dar es Salaam kwa ajili ya kazi, naye akaenda nao. Aliporudi kututazama ilikuwa imepita miaka 7. Alikuwa kijana mrefu, mwenye adabu njema. Akatuamkia, akakaa kitako, akanyamaza. Siku ya pili yake sisi ndio tuliomwambia twende pwani. Alikuja, lakini alikuja kwa heshima tu. Ngalawa zilirudi kama zirudivyo siku zote, naye hakuuliza neno. Bei ya msimu ule hatuikumbuki tena. Ile "ngoja" yetu twaikumbuka mpaka leo.

Tumejiuliza kwa nini mtu mwenye akili zake afanye hivyo, na twaona sababu ni tatu.

Ya kwanza ni sifa yetu wenyewe iliyogeuka ikawa ila. Mkarafuu humfunza mtu subira. Hukaa miaka 6 hadi 8 kabla ya kuanza kuzaa, kisha ukitunzwa huishi kupita umri wa aliyeupanda. Twajua khabari za dhoruba ya mwaka 1872, iliyoangusha mikarafuu mingi sana ya Unguja, na Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Tangu hapo kisiwa chetu ndicho kilichobeba mzigo mkubwa wa zao hili. Wazee waliopanda wakati ule hawakupanda kwa ajili ya matumbo yao peke yao. Nasi tumelelewa hivyo, kufikiri kesho na kesho kutwa. Ni tabia njema kwa kijana wa miaka 30. Lakini mtu wa miaka 70 naye akiishi kwa kesho tu, atakula lini?

Sababu ya pili ni khofu. Mkulima hana kiinua mgongo kama karani. Funguo za ghala na daftari la pishi ndizo heshima yake, na akihisi kuwa zikimtoka mkononi atakuwa mgeni nyumbani kwake, huzishika mpaka siku ya kuzikwa. Khofu hii si ya kuchekwa. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2016 kuna Pensheni Jamii, iliyoanza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mzee wa Zanzibar aliyetimiza miaka 70, ikaja ikaongezwa baadaye. Fedha hiyo humnunulia mzee sukari na kahawa yake bila ya kumwomba mtu, na hilo si jambo dogo. Lakini haimwondolei khofu ya kudharauliwa. Khofu hiyo watoto wake ndio wawezao kuiondoa.

Sababu ya tatu ni maneno ya watu. Mzee akionekana barazani asubuhi anacheza bao na mjukuu, wapita njia husema, "Fulani siku hizi kachoka, hana kazi." Basi hujitia shambani na panga lake, akapanda hata ngazi asiyopaswa kuipanda. Nani kati yetu asiyejua mtu aliyeanguka mkarafuuni? Kijana akianguka ni msiba. Mzee akianguka kwa kuogopa maneno ya barabarani, ni msiba na upumbavu pamoja.

Hatusemi kwamba mzee akae bure. Mwili uliozoea kazi, ukikatishwa ghafla huugua. Twasema kwamba katika kazi ya karafuu yenyewe mna sehemu ambayo tangu zamani ni ya wazee, nayo ndiyo yenye raha kuliko zote. Nayo ni kuchambua.

Karafuu mbichi zikilala lundo hupata joto zikaharibika, kwa hiyo sharti zichambuliwe usiku ule ule. Wengi wetu tumekulia katika usiku huo. Jamvi latandikwa, karafuu zamwagwa katikati, na nyumba nzima yazunguka: babu, bibi, shangazi, watoto na jirani aliyekuja kwa mazungumzo akajikuta naye achambua. Karafuu huku, makonyo kule. Mikono yafanya kazi yenyewe, na vinywa viko huru. Hapo ndipo tuliposikia vitendawili. Hapo ndipo tulipojua nani ni nani katika ukoo, nani aligombana na nani, na kwa nini mpaka wa shamba umepita kwenye mfenesi ule na si kwenye mnazi. Hapo mtoto husinzia na kidole kingali katika kikonyo, na bibi yake humvuta akamlaza mapajani bila ya kuacha kuchambua.

Siku hizi nyumba nyingi zenye uwezo hulipa watu kwa kazi hii, na mzee hukaa pembeni na daftari akiwasimamia. Wajukuu wako chumbani, kila mmoja na simu yake. Kazi yakwisha upesi, hatukatai. Lakini tumeokoa saa mbili, nazo twazipeleka wapi?

Iko na raha ya kuangalia mawingu. Kijana aliyeanika karafuu hutazama jua la sasa. Mzee hutazama wingu lililo mbali juu ya bahari, akasema, "Anueni," na watu humcheka kwa kuwa jua lawaka. Mara mvua yaja! Watoto hukimbia na majamvi, huyu kashika pembe hii, yule pembe ile, karafuu chache zamwagika, kelele nyumba nzima, na mzee yuko barazani acheka mpaka machozi. Karafuu husalimika, na wajukuu hulala wakijua kwamba babu yao aona wasichokiona wao. Hiyo ndiyo heshima tunayoitafuta kwenye funguo, nayo hapa yapatikana bure.

Nyingine ni nyepesi zaidi. Kahawa chungu na tende mbili tatu, na mtoto aliyefunzwa kumimina bila ya kumwaga. Muhogo wa nazi na papa, wakaliwa katika sinia moja, si kila mtu na sahani yake mbele ya televisheni. Kumtembeza mtoto shambani ukamwambia mti huu kapanda nani, na ule kwa nini umeinama. Kumpeleka Kidike akawaone popo wakubwa wa Pemba wananing'inia mitini mchana, ukamweleza kuwa zamani waliwindwa mpaka wakakaribia kwisha, na kwamba ni watu wa vijiji walioamua kuwalinda ndio waliowafanya wakarudi wakawa wengi. Mtoto atakuuliza maswali njia nzima. Mjibu. Hayo ndiyo mavuno.

Hapa twapenda kusema neno kwa wanaume wenzetu. Tunapozungumza juu ya mzee kupumzika, twamfikiri babu. Bibi je? Yeye huamka wa kwanza katika umri wa miaka 30, na huamka wa kwanza katika umri wa miaka 75. Baraza la wanaume lina kahawa kwa kuwa jikoni yuko mtu anayeipika. Msimu ukifika, kazi yake huwa mara mbili, maana wachumaji nao wataka kula. Nyumba ambayo babu acheza bao na bibi angali apuliza moto, nyumba hiyo haijastarehe bado. Wajukuu wote, wa kike na wa kiume, waweza kuteka maji na kubeba kuni. Naye bibi ana hadithi zake, na wengi wetu twajua kwamba hadithi zake ni tamu kuliko zetu.

Wako watakaosema, "Haya ni maneno ya wenye mali. Mimi nisipokwenda shambani watu hawali." Twakiri kwamba ni kweli kwa wengine, nasi hatumlaumu mtu afanyaye kazi kwa dhiki. Lakini kila mmoja na apige hesabu yake kwa uaminifu. Wangapi kati yetu twakwenda kwa njaa, na wangapi twakwenda kwa mazoea? Na tena tazameni, katika yote tuliyoyataja, lipi lataka fedha? Bao moja hurithiwa vizazi vitatu. Wingu halilipiwi.

Neno letu kwa watoto wenye nyumba zao sasa ni fupi. Msingoje mzee afe ndipo mjifunze shamba lake. Mwendeeni mkamwambie, "Baba, utufunze, nasi tutafanya mbele ya macho yako." Akikupeni daftari, msimfiche hesabu. Mletee kila jioni, msomee, hata kama hakuuliza. Mzee anayesomewa hesabu hawezi kuhisi kwamba ametupwa. Na ninyi mlioko Dar es Salaam, Mombasa, Maskati au mbali zaidi, fedha mnayotuma twaishukuru, lakini mleteni mtoto mara moja katika msimu, akalie jamvi. Hayo hayatumwi kwa simu.

Na kwa wazee wenzetu twatoa shauri la mambo matatu, yawezayo kuanza msimu ujao.

Kwanza, kila nyumba iweke usiku mmoja kwa juma wa kuchambua wenyewe, bila ya mtu wa kulipwa, na simu zote ziwekwe kabatini mpaka jamvi liishe.

Pili, kila mwanachama aliyepita miaka 65 achague mtoto mmoja, wa kiume au wa kike, amkabidhi daftari na mizani mbele ya ndugu zake wote, angali hai na akili zake timamu. Magomvi mengi ya mirathi tuliyoyaona katika kisiwa hiki yalianza kwa kuwa baba alikuwa peke yake ajuaye mipaka, akafa nayo.

Tatu, kila mzee apande mche mmoja pamoja na mjukuu, mkono wake juu ya mkono wa mtoto. Huenda asiuone ukizaa. Si kitu. Raha yake ni asubuhi ile ya kupanda, na kila jioni mtoto atakapomshika mkono akamvuta, "Babu, twende tukautazame umekua kiasi gani."

Siku hiyo, ndugu zetu, hata kama pishi hazijahesabiwa na wachumaji wangoja mlangoni, twaombeni msiseme "ngoja". Inukeni mwende.