Mombasa na Mwokozi Asiyeondoka

Desemba 13, 1698, askari wa Imamu Saif bin Sultan wa Omani waliingia Fort Jesus na kuiteremsha bendera ya Ureno. Mji uliokuwa kivulini mwa ngome ile ulikuwa umeingoja siku hiyo kwa miaka karibu mia moja. Wazee wa Mombasa wenyewe ndio waliotuma wajumbe ng'ambo kuomba msaada, na msaada ukaja, na adui akatoka. Kuna neno moja tu ambalo wazee wale hawakulisema mapema, nalo ndilo linalostahili kutafakariwa na kila kizazi kinachozaliwa kisiwani: mwokozi ataondoka lini, na kama atabaki, atabaki kwa masharti gani?

Haifai kumhukumu Mwomani kabla ya kujua alikotoka. Naye alikuwa ameonja shubiri ile ile. Francisco de Almeida aliichoma Mombasa mwaka 1505. Miaka miwili baadaye Afonso de Albuquerque aliiteka Maskati kwa moto na upanga. Kwa zaidi ya karne moja Mreno alikaa katika bandari za Omani akitoza kodi, huku makabila ya bara yakichinjana yenyewe kwa yenyewe. Mwaka 1624 wanazuoni walimchagua Nasir bin Murshid wa ukoo wa Yaarubi kuwa imamu. Huyu hakukimbilia mizinga ya Maskati. Alianza na nyumba yake: alizunguka ngome kwa ngome, bonde kwa bonde, akiwapatanisha waliokubali na kuwashinda waliokataa, mpaka Waomani wakawa na neno moja. Alifariki mwaka 1649. Mwezi Januari 1650 binamu yake, Sultan bin Saif, aliitwaa Maskati na kuwafukuza Wareno.

Hapo ndipo taifa changa lilipogeuka. Waomani walizikuta bandarini merikebu za Wareno, wakazitwaa, wakajifunza kuziendesha, kisha wakatafuta nyingine. Mwaka 1652 walikwishafika Unguja. Mwaka 1661 waliushambulia mji wa Mombasa, mwaka 1668 wakaupora mji wa Diu katika pwani ya India, na mwaka 1670 wakafika hadi kisiwa cha Msumbiji. Alexander Hamilton, nahodha Mskoti aliyezunguka bahari hizo, aliandika kwamba mwaka 1715 Waarabu wa Maskati walikuwa na manowari moja ya mizinga 74, mbili za mizinga 60, moja ya 50, na vyombo vidogo 18. Watu ambao miaka 65 nyuma hawakuwa na amri juu ya bandari yao wenyewe walikuwa sasa wakiogopwa na kila mwenye tanga.

Nguvu iliyojengwa kwa kujilinda haikutaka kulala. Jeshi lahitaji mshahara, merikebu yahitaji mbao na kamba, na mashamba ya mitende yanahitaji mikono. Imamu Saif bin Sultan anasifiwa katika historia ya nchi yake kwa kufufua mifereji ya falaji na kupanda maelfu ya mitende na minazi. Sifa hiyo anastahili. Lakini mikono mingi iliyochimba na kupanda ilikuwa ya watumwa, na wengi wao walitoka huku, upande wetu wa bahari. Ukweli huo ni mchungu na hauna budi kusemwa.

Je, ni wingi wa mizinga tu uliompa Mwomani pwani hii? La hasha. Tazama mazingiwa ya Fort Jesus yenyewe, yaliyoanza Machi 1696 na kudumu miaka miwili na miezi tisa. Nje ya kuta walikuwapo Waomani pamoja na watu wa Pate na wengi wa Mombasa. Ndani walikuwapo Wareno wachache mno, pamoja na mamia ya wenyeji waliokimbilia humo, na walinzi hodari kuliko wote walitoka Faza, mji ulio katika kisiwa kile kile cha Pate. Tauni ilipoingia ngomeni mwaka 1697 na kuwaua karibu Wareno wote, ulinzi ulishikwa na Daud, mwana wa mfalme wa Faza, jamaa zake wachache, na wanawake wa Kiafrika wapatao 50 waliobeba silaha juu ya kuta. Mswahili alikuwa ndani akifa kwa ajili ya Mreno, na Mswahili mwenzake nje akifa kwa ajili ya Imamu; na ugomvi uliowatenganisha ulikuwa wao kwa wao, wa mji na mji, ulioanza zamani. Wahenga walikwishasema kwamba vita vya panzi ni furaha ya kunguru.

Anayetaka ushahidi wa mkono aingie makumbusho ya ngome hiyo. Mna vyombo vilivyotolewa katika merikebu ya Kireno Santo Antonio de Tanna, iliyokuja kuwaokoa waliozingirwa na kuzama chini ya ngome Oktoba 1697. Wapiga mbizi waliichimbua kuanzia mwaka 1977, wakatoa mizinga na mitungi. Kila mtoto wa shule anayepita hapo huoneshwa ushujaa wa mazingiwa. Laiti angeelezwa pia nani alikuwa ndani na nani alikuwa nje, na kwa sababu gani.

Hata hivyo, kosa kubwa zaidi halikutendeka mwaka 1698. Mwaka ule mji ulikuwa umechoka, na mtu anayezama hamwulizi anayemnyoshea mkono jina lake. Kosa lilitendeka miaka 31 baadaye.

Ukoo wa Yaarubi uliingia vitani wenyewe kwa wenyewe, nguvu zao zikapungua, na Machi 1728 Wareno wakarudi Mombasa wakisaidiwa na mfalme wa Pate. Walikaa mwaka mmoja na nusu hivi. Jeuri yao iliwachosha watu, na safari hii wenyeji hawakungoja merikebu ya mtu. Waliinuka, wakawafungia Wareno ngomeni mpaka chakula kikawaishia, na Novemba 1729 Mreno wa mwisho akaondoka. Ngome ilikuwa mikononi mwa wenye mji. Mizinga ilikuwa yao, mlango wa bahari ulikuwa wao, na hakuna mgeni aliyewasaidia kuupata.

Wakafanya nini? Wakatuma ujumbe Omani, wenye watu wa Mataifa ya Mombasa pamoja na Wamijikenda, kumwomba Imamu awaletee liwali.

Mtu asikimbilie kuwacheka. Walikuwa na sababu. Mataifa Kumi na Mawili, yaani Tisa Taifa ya upande wa Mvita na Thelatha Taifa ya Kilindini, Tangana na Changamwe, hayakuaminiana kiasi cha moja kukubali kutawaliwa na jingine. Mgeni alionekana mwamuzi asiye na upande. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo walivyotaraji. Lakini kumwita mwamuzi kwa kuwa ndugu hawaaminiani ni kumpa mwamuzi sababu ya kutaka wasiaminiane daima.

Wapo watakaosema kwamba watu wa ukoo wa Mazrui, walioushika uliwali ule, walikuwa watawala wa haki. Nao wasikilizwe, kwa maana hoja yao ina uzito. Mazrui walipokataa kumtii Ahmad bin Said, mwanzilishi wa ukoo wa Busaidi, katika miaka ya 1740, hawakuwa na jeshi la kutoka ng'ambo la kuwalinda. Ilibidi wawategemee wenyeji, wakatawala kwa kushauriana na matamimu, yaani wakuu wa Mataifa. Wakaoa mjini, wakazungumza Kiswahili, wakaacha madhehebu ya Ibadhi na kufuata ya Shafi. Kutokana na ukoo huo akatokea Sheikh Al-Amin bin Ali, aliyewahubiria watu wa Mombasa kwa kalamu katika gazeti la Al-Islah miaka ya 1930 na kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Mazrui ni ushahidi kwamba mgeni anayebanwa na masharti huwa mwananchi.

Lakini mji uliokwisha kuzoea kushtakiana kwa wageni haukuacha. Mombasa na Pate zilipokwenda kuitiisha Lamu, karibu mwaka 1812, zilishindwa vibaya katika vita vya Shela. Na Lamu, kwa kuogopa kisasi, ikamwita Sayyid Said, mtawala wa Maskati. Mazrui nao wakatafuta mlinzi wao: mwaka 1824 walitweka bendera ya Uingereza juu ya ngome, na Kapteni Owen wa manowari ya Leven akawakubalia. Baada ya miaka miwili hivi Uingereza ikaondoka na kuwaacha. Mwishowe baadhi ya wakubwa wa Thelatha Taifa waligombana na Mazrui wakaegemea kwa Sayyid Said, na mwaka 1837 akaipata Mombasa aliyoshindwa kuipata kwa mizinga mara kadhaa. Wakuu wa Mazrui walikamatwa na kupelekwa uhamishoni Bandar Abbas. Dola iliyoanzia mabonde ya Rustaq huko Omani ikakamilika, na makao yake yakawa Unguja.

Mambo haya hayakuupata Mswahili peke yake. Marekani ilijikomboa kutoka kwa Mwingereza kwa Azimio la mwaka 1776. Mwaka 1898 ilipigana na Hispania, na merikebu yake ikamrudisha nyumbani Emilio Aguinaldo, kiongozi wa Wafilipino, aliyeamini kuwa amepata rafiki wa uhuru. Desemba 10 mwaka huo Hispania iliikabidhi Marekani visiwa vya Ufilipino kwa dola milioni 20, bila Mfilipino kuwa mezani. Ilikuwa miaka mia mbili kasoro siku tatu tangu Fort Jesus kuanguka. Mkombozi wa jana akawa bwana wa leo, na Wafilipino wakaingia vita vingine.

Leo mgeni haji na mizinga. Huja na mkopo na karatasi. Mwaka 2014 Kenya ilikopa zaidi ya dola bilioni 3 kutoka benki ya Exim ya China ili kujenga reli ya SGR kutoka Mombasa hadi Nairobi. Reli ilifunguliwa Mei 2017, na hakuna anayekataa kwamba safari imekuwa nyepesi. Lakini mkataba ulifichwa, na sehemu zake zilitolewa hadharani Novemba 2022 tu. Katikati ya muda huo, mwaka 2019, serikali iliamuru mizigo ya bandari ipande reli kwenda kutolewa Nairobi. Wenye malori, mawakala wa forodha na makuli wa Mombasa wakaandamana barabarani kwa kupoteza riziki. Amri iliondolewa Septemba 2022. Wachina hawakujipenyeza, waliitwa, kama Imamu alivyoitwa, na walioitwa walikuja na masharti yao yakiwa tayari. Upande wa mwenyeji ndio uliokwenda bila kuwauliza wenye mji.

Basi viongozi wa Pwani na waache kushtakiana Nairobi na ng'ambo kabla hawajakaa pamoja kisiwani. Na kila mkataba unaoigusa bandari, uwe wa China, wa Ghuba au wa Ulaya, na usomwe kwa Kiswahili barazani Kibokoni na Kuze, kifungu kwa kifungu, kabla haujatiwa saini.