Umeuliza hali, hukuuliza macho

JE, msomaji, mara ya mwisho kukanyaga kwa wazazi wako mashambani ilikuwa lini? Usinijibu mimi. Jijibu mwenyewe, na uhesabu miezi kwa vidole.

Nauliza kwa sababu kuna tabia iliyotuingia wakati wa Covid-19, na wengi wetu haijatutoka mpaka leo.

Kumbuka mambo yalivyokuwa. Mgonjwa wa kwanza humu nchini alitangazwa Machi 13, 2020. Siku mbili baadaye shule ziliamriwa kufungwa, na kufikia Machi 27 kafyu ilikuwa imeanza, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Matatu ya abiria 14 iliambiwa ibebe wanane, nauli ikapanda, na wengi wakaanza kwenda kazini kwa miguu. Mama aliyekuwa akifunga safari ya Marikiti kila Jumamosi alijifunza kununua sukumawiki na nyanya kwa mama mboga wa pale langoni. Watoto waliozoea kurauka kungoja basi la shule walisikiliza masomo redioni wakiwa wamejinyoosha kwenye kochi. Nao mtungi wenye mfereji uliwekwa mlangoni, na hakuna aliyeingia bila kunawa mikono.

Aprili 6, 2020, Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku watu kuingia na kutoka eneo la Nairobi. Muda si muda Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa pia. Mazishi yaliwekewa kikomo cha watu 15. Mtu alifiwa nyumbani, naye yuko Kayole au Likoni, asiweze ila kutuma rambirambi kwa simu. Ada ya M-Pesa kwa kiasi kisichozidi shilingi 1,000 ilikuwa imeondolewa, hivyo hata mwenye shilingi 200 aliweza kuzituma.

Wakati ule kukaa mbali kulikuwa ndiyo mapenzi. Nani angetaka kumpelekea mamake maradhi?

Lakini njia zilifunguliwa Julai 2020. Zilifungwa tena kwa kaunti tano mnamo Machi 2021, zikafunguliwa Mei. Matatu zilirudi kujaza viti Agosti mwaka huo, na kafyu ikaondolewa Oktoba 20. Sababu za kutokwenda ziliisha. Kutokwenda kwenyewe kukabaki.

Jirani yangu mmoja amenikubalia nikusimulie yaliyompata. Kabla ya 2020, alikuwa akienda kwao magharibi mwa Kenya kila Pasaka, kila Agosti na kila Krismasi. Baadaye alizoea kutuma pesa kila mwisho wa mwezi na kupiga simu kila Jumapili jioni. "Hali yako, mama?" "Tuko salama, mwanangu. Nyinyi je?" Mambo yakaishia hapo.

Alipokwenda hatimaye, bila kutoa habari, alimkuta mamake akitoka jikoni huku akipapasa ukuta. Mama alisimama, akamtazama na kuuliza, "Ni nani huyo?" Hakumtambua mwanawe mpaka aliposema. Mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho yote mawili. Simu za kila Jumapili alikuwa akishikiwa na mtoto wa jirani.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Wewe umekuwa ukiuliza hali," mama alimjibu. "Hukuuliza macho."

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Bahati nzuri mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji, na tayari jicho moja la mama huyo limefanyiwa. Lakini ile miaka aliyopapasa ukuta peke yake, ni pesa gani zitakazoirudisha?

Msomaji, sisemi utupe yote tuliyojifunza. Endelea kunawa mikono. Tembea ukiweza, na umwachie mama mboga wa mtaani shilingi zako. Pesa za wazazi zitume, maana wanazihitaji. Lakini usidhani kwamba ukituma pesa umefika.

Najua nauli ya watu watano ni mzigo. Basi asiende kila mtu. Ndugu mkiwa wanne, pangeni zamu, kila baada ya miezi mitatu aende mmoja, na wengine wamchangie nauli. Mwaka hautapita bila mzee kuonwa mara nne.

Na ukifika, usikae tu sebuleni ukingoja chai. Mtazame anavyotembea. Funua chungu uone anakula nini. Uliza dawa ziko wapi na zilinunuliwa lini. Angalia paa, mlango na choo. Hayo hataki kukusumbua nayo kwenye simu, kwa sababu yeye ni mzazi na wewe ni mtoto.

Leo ni Jumapili, na huenda jioni utapiga simu kama kawaida. Piga. Ila kabla hujakata, mwambie siku utakayofika. Fimbo ya mbali haiui nyoka.