Afya na Nyumba: Ukungu Katika Miwani ya Mkimbiaji



Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo, nalo ni ukungu uingiao katika miwani wakati wa mazoezi. Mimi nami nililiona dogo hata lilipomfika mwanafunzi wangu mmoja.

Kijana huyu haoni mbali, naye hupenda kukimbia asubuhi na mapema. Huku kwetu Lushoto miezi ya Juni na Julai huwa na baridi kali. Siku moja alipomaliza kupanda mlima alisimama apumzike, mara miwani yake ikaingia ukungu hata asione njia. Akaivua, akaitia mfukoni, akaendelea na mbio. Hakuiona baiskeli iliyokuwa ikiteremka. Alhamdulillahi, aliumia goti tu. Lakini baba yake alikata shauri kuwa mwanawe asikimbie tena, akaniambia, "Mwalimu, mwenye macho ya kuazima na akae nyumbani."

Nikamjibu, "Ndugu yangu, kosa si la mtoto wala si la miwani. Ni mvuke, na mvuke una dawa yake."

Basi na tufahamu asili ya jambo hili. Mtu afanyapo mazoezi, mwili hupata joto, naye hutokwa na jasho na kupumua kwa nguvu. Mvuke wa jasho na pumzi ukigusa kioo kilichopoa hugeuka kuwa matone madogo mno, kama vile gilasi ya maji baridi inavyolowa nje. Matone hayo huutawanya mwanga, na kioo huonekana cheupe. Mtu akiwa mbioni, upepo huuchukua mvuke huo. Asimamapo, hubaki kati ya uso na kioo. Ndiyo sababu ukungu huja khasa wakati wa kupumzika.

Wala tusidhani kuwa ni udhaifu wa watoto wetu tu. Mwezi wa Juni 1966 mwanaanga wa Marekani, Eugene Cernan, alitoka nje ya chombo chake, Gemini 9A, akafanya kazi angani kwa muda wa saa mbili na zaidi. Kazi ilimchosha, jasho likamtoka, na kioo cha kofia yake kikajaa ukungu hata ikambidi arudi ndani kabla ya kuimaliza. Katika safari zilizofuata, vioo vilipakwa dawa ya kuzuia ukungu kabla ya mtu kutoka.

Nasi tunayo dawa ya namna hiyo jikoni. Kabla ya mazoezi, suuza miwani kwa maji safi yasiyo ya moto ili vumbi liondoke. Tia tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, usugue taratibu kwa vidole pande zote mbili. Kung'uta maji, kisha acha vioo vikauke vyenyewe. Sabuni huyafanya maji yatandae kama utando mwembamba badala ya kusimama matone matone, na macho hupenya. Ikiwa vioo vina dawa maalumu ya kiwandani, muulize kwanza aliyekuuzia.

Zaidi ya hayo, miwani isibane uso. Iache nafasi ya hewa kupita. Funga kitambaa cha pamba kwenye paji la uso kinyonye jasho. Usiipandishe miwani kichwani, kwani hapo ndipo penye joto na jasho jingi. Unapochoka, tembea polepole badala ya kusimama ghafula. Usiifute kwa shati lenye vumbi wala usiipake dawa ya meno, maana hivyo huchubua vioo. Na ukungu ukizidi, simama kando ya njia mpaka uishe. Usikimbie bila kuona.

Enyi wazazi, mtoto aliyepewa miwani amepewa njia ya kuona. Tusimnyime na njia ya kuutia mwili wake nguvu kwa sababu ya ukungu unaoondoka kwa tone la sabuni.

Kijana wetu sasa anakimbia tena, na baba yake ndiye amkumbushaye kuosha miwani kabla hajatoka mlangoni.