Daftari la Wiki: Mtu Alipogeuka Kuwa Hakuna Mtu

Jumatatu jioni binti wa jirani alinijia na daftari lake la Kifaransa. Alikuwa ameandika "J'ai vu personne", na kalamu nyekundu ikarudisha "ne" iliyokosekana: "Je n'ai vu personne", sikuona mtu.

"Mjomba, si tulifundishwa personne ni mtu? Sasa imekuwaje hakuna mtu?"

Swali lilikuwa zuri kuliko kosa lenyewe. Nilimwuliza angesemaje akitumwa kuchungulia nje akakuta uwanja mtupu. "Sioni mtu," akajibu. Ndivyo hivyo! Kwetu ukanushi unakaa kwenye kitenzi, mtu anabaki mtu. Kifaransa nacho kilianza hivyo: "ne" ndiyo iliyokanusha. Hata "rien", ambayo leo ni "hakuna kitu", imetoka kwenye "rem" ya Kilatini, yaani kitu. "Pas" ni hatua: siendi hata hatua. Nasi husema sina hata chembe, sikunywa hata tone. Kwa kukaa karne nyingi pamoja na "ne", maneno hayo yaliloa ukanushi wake mpaka yakaweza kusimama peke yake. "Qui est là?" Nani yupo? "Personne." "Ne" haimo, na hakuna asiyeelewa. Katika mazungumzo Wafaransa huidondosha kutwa nzima, kwa hiyo sentensi ya binti huyu haingemshangaza muuza mikate wa Lyon. Kwenye mtihani, hata hivyo, aiandike. Nilimwambia hivyo, akafuta.

"Aucun" nayo ilikuwa na maana ya mmojawapo kabla haijawa "hata mmoja". Ujana wake umesalia katika "d'aucuns", baadhi ya watu.

Jumatano nilikuwa bado nawaza kuhusu "on". Asili yake ni "homo", mtu, kama ilivyo kwa "homme". "Ici on parle français": hapa huzungumzwa Kifaransa. Lakini midomoni mwa watu "on" mara nyingi ni sisi. "On y va", twende. Kitenzi hukaa katika umoja, kisha mwandishi huongeza alama ya wingi mwishoni: "on est partis", tumeondoka. Napenda sana neno dogo namna hii linaloweza kumbeba yeyote na kutubeba sote.

Ijumaa, onyo kwa wanaoalikwa mezani. Ukitaka kumwambia mwenyeji kwamba huchagui chakula, sema "Je mange de tout". Usiseme "Je mange n'importe quoi", kwani atasikia kwamba unakula ovyo ovyo, chochote kile. "N'importe" ni "haijalishi", na mara nyingi dharau kidogo huifuata. Ndiyo maana Mfaransa anayemheshimu mtu husema "Ce n'est pas n'importe qui": huyu si mtu hivi hivi.